Mshahara Ukipanda, Kazi Huhamia Wapi?

Hotuba hii ilitolewa mjini Tanga mbele ya waajiri wadogo na wawakilishi wa wafanyakazi. Inachapishwa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu waajiri, ndugu viongozi wa matawi ya wafanyakazi, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, kaka na dada zangu: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo tangu mwaka huu uanze halijakauka midomoni mwetu. Amri mpya ya kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026, na Serikali ilipoitangaza Oktoba mwaka jana ilisema kwamba wastani wa kima hicho umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322. Nilipoingia hapa ukumbini nilisikia mengi kabla hata sijaketi. Mzee mmoja alisema, "Watatufungisha biashara." Dada mmoja aliyekaa nyuma yake akamjibu, "Hata hicho chenyewe hakitoshi kodi ya chumba." Nami nawaambia kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli, na kwamba ugumu wa jambo hili unatokana na kuwa kweli hizo mbili zinakaa katika nyumba moja.

Swali ambalo watu huuliza siku zote ni hili: je, mshahara wa chini ukipandishwa, watu wataachishwa kazi? Mimi naomba leo tuliulize kwa namna nyingine. Katika nchi ya mishahara midogo kama yetu, ambako wengi wanaofanya kazi hawana mkataba wala jina lao halimo katika orodha ya mishahara, kazi haifi mbele ya macho yetu. Kazi huhama. Huhama kutoka kwenye mkataba ikaenda kwenye kibarua. Huhama kutoka kwa watu wanne ikawaangukia watatu. Huhama kutoka kwa kijana ambaye angeajiriwa mwakani ikabaki kwa yule aliyeajiriwa mwaka jana. Kwa hiyo swali langu ni moja: mshahara ukipanda, kazi huhamia wapi?

Nianze na mkonge, maana hapa ni Tanga, na mtu hawezi kuzungumzia ujira katika mji huu akaupita mkonge kando.

Babu yangu mzaa mama alikuja Korogwe kutoka Kigoma akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeandikishwa mbali kuja kukata mkonge. Alipanda treni ya reli ya kati hadi Morogoro, na kutoka huko akaletwa kwa lori pamoja na wenzake. Kitu kimoja cha maisha yake ya kambini alikitunza mpaka alipofariki, nacho kilikuwa kipande. Kadi ile ilikuwa na vyumba 30. Kila siku alipomaliza kazi aliyopimiwa, mnyapara alitia alama katika chumba kimoja. Asipoimaliza, siku ile haikuhesabiwa, hata kama alitoka kambini kabla ya alfajiri na kurudi mikono imechubuka kwa miiba ya mkonge. Ujira ulikuja kipande kilipojaa. Mwezi wa babu, kwa hiyo, haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikuwa mwezi wa vyumba 30, na kuna mara ulichukua wiki sita kwisha. Nilipokuwa mtoto nilikishika kipande kile nikaona alama zimepangana vizuri mwanzoni, kisha zikaanza kuachana kwa sababu ya homa.

Ujira ule wa kikoloni ulikuwa umepimwa kwa mwanamume mmoja asiye na mke wala watoto, kwa hesabu kwamba familia yake itajilisha yenyewe kijijini. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, jambo hilo halikuweza kuvumilika. Mwaka 1962 Serikali iliunda bodi ya kima cha chini cha mshahara, ikaongozwa na Mwingereza aliyeitwa Donald Chesworth, na viwango vipya vikaanza kutumika mwaka 1963. Vilikuwa vya juu sana kuliko vile watu walivyozoea kulipwa, mjini na mashambani.

Je, nini kilitokea? Sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Mishahara ya waliokuwa kazini ilipanda kweli, na hakuna haja ya kulipunguza jambo hilo: kuna watoto waliosomeshwa kwa nyongeza ile, na mama yangu ni mmoja wao. Wakati huohuo idadi ya watu walioajiriwa kwa mshahara nchini ilishuka kwa makumi ya maelfu katika miaka ile ya mwanzo ya sitini, na sehemu kubwa ya waliopungua ilikuwa ya mashambani. Mkonge wenyewe haukupungua mara moja, kwani uzalishaji uliendelea kupanda hadi katikati ya miaka ya sitini. Ina maana mkonge uleule, na hata zaidi, ulikatwa na watu wachache. Mashamba yalipanga upya kazi zilizokuwa zikifanywa na watu wengi kwa ujira mdogo, yakapima upya kazi ya kutwa, na juu ya yote yakaacha kuandikisha manamba. Uandikishaji uliokuwa ukifanywa na SILABU, shirika la waajiri wa mkonge, ulififia miaka ileile mpaka ukakoma.

Sasa niambieni, ndugu zangu: nani alipoteza kazi? Ukienda kambini Korogwe mwaka 1964 ukauliza, watu wangekuonyesha waliobaki, nao walikuwa wakilipwa vizuri kuliko zamani. Waliopoteza hawakuwapo kambini. Walikuwa Kigoma, Songea na Njombe, wakiingoja lori ambayo haikuja tena. Hakuna aliyewaachisha kazi, hakuna barua iliyoandikwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahesabu.

Niongeze neno hapa, kwa haki. Yupo atakayewaambia kwamba kima cha chini ndicho kilichoua mkonge wa Tanga. Msimkubalie. Bei ya mkonge duniani ilikuwa juu sana mwaka 1963, kisha ikaporomoka, kwa sababu nyuzi za plastiki ziliingia sokoni na kwa sababu wakulima wa Brazili walikuwa wakizalisha kwa wingi. Korona, zile mashine za kusindika mkonge, zilizonyamaza katika miaka iliyofuata zilinyamazishwa na mambo mengi, na mshahara wa babu yangu haukuwa mkubwa kati ya hayo.

Nije sasa karibu zaidi. Kuna mama mmoja hapa mjini, sitamtaja jina, ana tanuri la mikate na wafanyakazi wanane. Aliniruhusu niangalie daftari lake, nami namshukuru, kwa sababu mtu kukufungulia daftari lake la biashara ni kama kukufungulia chumba chake cha kulala. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilipandisha kima cha sekta ya biashara na viwanda kutoka shilingi 115,000 hadi 150,000 kwa mwezi. Tofauti ni shilingi 35,000. Kwa watu wanane ni shilingi 280,000, na ukiongeza asilimia 10 ya mwajiri inayokwenda NSSF unafika shilingi 308,000 kila mwezi. Katika daftari, chini ya mstari wa unga, hamira na kuni, aliandika tarakimu hiyo kwa kalamu nyekundu na kuizungushia duara mara mbili.

Alifanya nini? Hakumwachisha mtu kazi hata mmoja, na kwa hilo yeye anajivunia. Kijana wake wa kusambaza mikate alipoondoka mwenyewe mwezi wa nne, hakutafuta mwingine. Alimwongezea mpwa wake njia ya pili. Wawili wa zamu ya usiku aliwageuza vibarua wa kutwa, na siku ambayo unga umechelewa hawaitwi. Mkate haukupanda bei, ila ulipungua uzito kidogo. Ukimuuliza mtafiti anayepita na dodoso, "Je, ulipunguza wafanyakazi?", jibu lake ni hapana, na ni jibu la kweli. Lakini wanane wenye mshahara wa mwezi wamekuwa watano, na wawili wa kutwa, na nafasi moja imefungwa kimya kimya.

Kabla hamjamhukumu mama huyu, tazameni upande wa pili wa hesabu. Kima kile cha shilingi 115,000 kilikuwa kimekaa palepale tangu Julai 2013. Miaka tisa na nusu! Katika muda huo bei za vitu kwa jumla zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Ili mfanyakazi wa 2023 anunue kile alichonunua mwenzake wa 2013, alihitaji zaidi ya shilingi 160,000. Akapewa 150,000. Mwajiri aliona mshahara umeruka kwa asilimia 30 kwa siku moja; mfanyakazi, akienda sokoni Mgandini, alikuwa bado nyuma ya pale alipokuwa miaka tisa iliyopita. Yote mawili yalikuwa kweli siku hiyohiyo. Nasema kwa uchungu kwamba hasara hii ilikuwa ya kujitakia. Kiwango kilichoachwa kilale kwa miaka tisa kikaamshwa kwa kofi humwumiza mfanyakazi kwa miaka tisa, halafu humshtua mwajiri kwa siku moja, na mwajiri aliyeshtuka hukata nafasi ambazo angezibakisha kama angepandishiwa kidogo kidogo.

Najua wapo hapa waliosoma, na watanikumbusha kuhusu New Jersey. Vema, tuizungumze. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo hilo la Marekani lilipandisha kima cha chini kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa. Wachumi wawili, David Card na Alan Krueger, waliwauliza wenye migahawa 410 ya vyakula vya haraka, huko na katika jimbo jirani la Pennsylvania ambako kima hakikubadilika, kabla na baada ya mabadiliko. Hawakuona kwamba ajira za New Jersey zilipungua kwa kulinganisha na za jirani. Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, na kazi hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Krueger alikuwa ameshafariki.

Inawezekanaje bei ya kitu ipande na mnunuzi asipunguze kununua? Inawezekana pale ambapo mnunuzi alikuwa akilipa chini ya thamani kwa sababu muuzaji hana pengine pa kwenda. Fikirini kijiji chenye shamba moja kubwa la chai na hakuna ajira nyingine hadi ufike Muheza. Mwenye shamba hulipa kidogo si kwa sababu mchumaji anazalisha kidogo, ila kwa sababu mchumaji hana nauli. Mwajiri wa namna hiyo, ukimlazimisha apandishe, bado anapata faida kwa kila mchumaji, na huenda hata akapata wachumaji wengi zaidi, maana watu walioona heri kubaki nyumbani sasa watatoka. Mahali pa namna hiyo pako katika nchi yetu, tena pengi, na kwa hiyo yeyote anayesema kwamba kila nyongeza lazima iue kazi hajafika huko.

Lakini New Jersey si Tanga. Kule kima cha chini kilikuwa mbali chini ya mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu hupata pungufu. Huku kwetu kima kinaweza kukaribia kile anachopata mtu wa katikati, na katika baadhi ya shughuli kikakipita. Na mtu akikosa ajira rasmi kule, hupata walau posho ya serikali kwa miezi kadhaa. Huku kwetu hupata toroli, au pikipiki ya mkataba, au meza ya nyanya mbele ya nyumba. Honduras ilipopandisha kima chake kwa karibu asilimia 60 kwa mkupuo mmoja Januari 2009, ajira rasmi zilipungua na watu wakahamia kwenye kazi zisizo na mkataba. Hawakukaa bure, na maskini hawezi kukaa bure, lakini walihamia mahali ambapo sheria haiwafikii.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Afrika Kusini, kwa sababu pale sheria ya namna moja ilitoa matokeo mawili. Novemba 2002 kima cha chini kiliwekwa kwa wafanyakazi wa nyumbani, na Machi 2003 kikawekwa kwa wafanyakazi wa mashambani. Kwa wafanyakazi wa nyumbani, watafiti waliona mishahara imepanda na mikataba ya maandishi imeongezeka, wala hawakuona kwamba kazi zimepungua katika kipindi kile cha mwanzo. Kwa wafanyakazi wa mashambani mishahara nayo ilipanda, na mikataba nayo ikaongezeka, lakini kazi zilipungua sana. Kwa nini? Mama wa Johannesburg anayetoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini hana mashine ya kumlea mtoto wake. Mwenye shamba la zabibu au mahindi anayo trekta, anayo dawa ya magugu, na anaye mnunuzi wa Ulaya asiyejali mshahara wa jimbo la Western Cape umepanda kiasi gani. Miaka kumi baadaye, baada ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa mashambani ulioanzia De Doorns, katika jimbo hilohilo, mwishoni mwa 2012, kima cha mashambani kilipandishwa tena kutoka randi 69 hadi randi 105 kwa siku. Waliogoma walikuwa na haki kabisa. Randi 69 haimlishi mtu, achilia mbali watoto wake. Haki yao haikuizuia mashine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akikuuliza kama kima cha chini kinapunguza ajira, mrudishie swali: ajira ya nani, inayofanyika wapi, na mwajiri ana njia gani nyingine?

Nizungumze kwa ufupi juu ya dada zetu wa kazi za nyumbani, kwa sababu karibu kila aliyekaa humu ni mwajiri wao, hata wale wanaokaa upande wa wafanyakazi. Amri ya 2013 ilisema msaidizi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri alipwe shilingi 40,000 kwa mwezi, na ya 2022 ikasema 60,000. Sitauliza nani humu alilipa kiwango hicho. Nitasema tu nilichokiona katika nyumba moja ya jamaa zangu: daftari la shule lenye jina la binti, na ndani yake, mwezi baada ya mwezi, "sabuni 1,500, kandambili 3,000, alivunja birika 8,000, nauli ya nyumbani 20,000." Mshahara uliandikwa juu ya ukurasa, na chini ulikuwa umebaki shilingi 4,500. Kima kilipanda na makato nayo yakapanda. Ajira haikupungua hata chembe, na mshahara haukuongezeka hata chembe. Afisa kazi hawezi kuingia katika kila jiko la Tanga, nasi tunalijua hilo tunapoandika bei ya birika.

Wako wanaosema basi tuachane na kima cha chini kabisa, soko liamue. Tazameni Uganda. Kima chao cha kisheria ni shilingi za Uganda 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984, pesa ambayo leo haizidi bei ya chakula cha mchana. Bunge lao lilipitisha muswada mpya mwaka 2019 na Rais hakuutia saini. Kama mshahara usio na sakafu ungekuwa dawa ya ajira, vijana wa Kampala wangekuwa wote wameshaajiriwa, na mabasi ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe yasingejaa mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba.

Basi mimi nataka nini? Nataka kima kipande, na nataka kipande mara kwa mara kwa hatua ambazo daftari la yule mama wa mikate linaweza kuzibeba. Kutoka 2013 hadi 2023 ilikuwa karibu miaka kumi. Kutoka 2023 hadi 2026 imekuwa mitatu. Huo ni mwelekeo mzuri na tuushikilie, ingawa mimi ningependa hatua ndogo kila mwaka kuliko kubwa kila baada ya mitatu. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imetupa bodi za mishahara zenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Wawakilishi hao wafike mezani na hesabu za kweli. Waajiri wasiende na kilio kitupu, nao wafanyakazi wasiende na kaulimbiu za Mei Mosi peke yake.

Na hesabu ya kweli inaanzia kwenu, tena jioni ya leo. Kila mwajiri aliyepo achukue karatasi aandike majina ya watu wote waliomfanyia kazi Desemba mwaka jana, wa mwezi na wa kutwa, pamoja na wale wanaoitwa tu unga ukifika. Kisha aandike wanaomfanyia kazi leo, na siku ngapi kwa wiki. Viongozi wa matawi, nanyi fanyeni hivyohivyo, wala msiishie kwa wanachama wanaolipa ada. Andikeni na yule kijana anayekuja getini kila asubuhi kuuliza kama kuna kazi. Tumwandike kwa jina. Waliobaki Kigoma mwaka 1963 hawakuandikwa na mtu, na babu alikuwa na ndugu watatu miongoni mwao.

Karatasi hizo tutazikusanya katika kikao kijacho, bila majina ya biashara, tuzipeleke kwa wawakilishi wetu kabla bodi haijakaa tena. Sasa nitapokea maswali, nikianza na yule mama wa mstari wa tatu ambaye amenyoosha mkono tangu nilipotaja uzito wa mkate.